Kuchagua msumeno wa injini wa kutegemewa kwa shamba la Malindi

Mkulima wa Malindi mwenye ekari mbili za mivinje, minazi ya urithi na miembe miwili mitatu iliyozeeka hufika siku akaona panga na shoka havimtoshi tena. Akimwita mwenye pawaso, yaani msumeno wa injini, hungoja zamu yake, na kazi ikifanywa hufanywa mbio: visiki vinaachwa virefu, boriti zinakatwa kwa urefu usiolingana, na malipo ni kwa kila mti. Ndipo anapoanza kuwaza mashine yake mwenyewe. Mwongozo huu ni wake, na ni wa kila mwenye shamba kuanzia Gede na Msabaha hadi Mambrui na Marafa anayetaka kununua mara moja na kufanya kazi miaka.

Jina lililoandikwa kwenye mashine lina uzito wake, lakini silo la kwanza. Msumeno wa kutegemewa ni ule unaolingana na miti yako, ambao spea zake zinapatikana karibu, na ambao wewe mwenyewe unajua kuunoa. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, hata mashine bora kabisa huishia ghalani.

Anza shambani, usianzie dukani

Chukua kamba, uzungushie shina la mti usawa wa kifua, kisha upime urefu wa kamba hiyo na uugawanye kwa 3.14. Mzingo wa sentimita 94 ni sawa na upana wa sentimita 30 hivi. Fanya hivyo kwa miti kadhaa ya kila aina. Tenga miti unayoikata kila msimu na ile unayoikata mara moja baada ya miaka mingi. Mashine unayonunua ni ya kundi la kwanza. La pili, mwite fundi mwenye mashine kubwa umlipe kwa siku hiyo, bado utakuwa umeokoa fedha.

Mvinje ndio mti wa biashara hapa kwetu. Wanunuzi huupanga kwa majina yaleyale ya mikoko ya Lamu: kuanzia nyembamba, ni fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ina upana wa sentimita 11 hadi 14 hivi, na nguzo hufika 20. Kwa hiyo mwenye kuuza boriti hana haja ya upanga mrefu, yaani kile chuma kinachozungukwa na cheni. Anachohitaji ni mashine nyepesi asiyochoka nayo akiinama mti baada ya mti, na cheni kali, maana mvinje ni mti mgumu sana na ukikauka ugumu huzidi. Ukate ukiwa mbichi.

Mwarobaini, ambao wengi tunauita mkilifi, haumsumbui mwenye mashine ya kadiri. Tofauti yake na mvinje ni kwamba kisiki chake huchipua vizuri, ilhali cha mvinje hakitegemewi kuchipua na inabidi upande upya. Basi kisiki cha mwarobaini kikate kwa mteremko mdogo ili maji ya mvua yasituame, na kwa cheni kali isiyochana gamba. Gamba likichanika, machipukizi hutoka dhaifu.

Mnazi una tabia ya peke yake. Pembeni ni mgumu, katikati ni laini na wenye nyuzi, na mbao zake zina chembe za silika zinazokula makali ya cheni. Atakayekata minazi mingi ajiandae kunoa mara nyingi zaidi kuliko mwenye mivinje.

Mwembe na mkorosho mbao zake si ngumu hivyo, ila mashina ni manene. Mwembe wa zamani unaweza kupita mita moja kwa upana, na ndio unaowadanganya watu: mtu ana boriti mia za kukata na mwembe mmoja, lakini ananunua mashine ya mwembe.

Ukubwa wa injini na urefu wa upanga

Ukubwa wa injini hupimwa kwa sisi (cc, yaani sentimita za ujazo), na nguvu kwa kilowati. Soma zote mbili kwenye kitabu cha mashine, kwa sababu sisi peke yake haikuambii mengi. STIHL MS 170, kwa mfano, ina sisi 30.1 na nguvu ya kilowati 1.2. MS 250 ina sisi 45.4 na kilowati 2.3. Injini imeongezeka kwa nusu tu, nguvu imekaribia maradufu, na uzito umeongezeka kwa chini ya kilo moja.

Mashine za sisi 30 hadi 35 zenye upanga wa inchi 12 au 14 zinafaa kupogoa, kukata fito na pau, na kuni za nyumbani. Mwenye minazi michache na ua wa miarobaini hahitaji zaidi ya hapo.

Mashine za sisi 45 hadi 55 zenye upanga wa inchi 15 hadi 18 ndizo ninazozipendekeza kwa shamba la kawaida la Malindi. Zinaangusha mvinje wa nguzo bila kuhema, zinakata mnazi kwa mkupuo mmoja, na uzito wake wa kilo tano hivi unabebeka asubuhi nzima. Upanga wa inchi 16 unakata shina la sentimita 35 kwa upande mmoja, na ukiingia pande zote mbili unaweza kukata shina nene zaidi, alimradi unajua unachofanya.

Sisi 60 hadi 75, kama Husqvarna 365 au STIHL MS 381 yenye kilowati 3.9, ni za anayekata kwa kuuza kila wiki, au anayeangusha miembe ya watu kwa malipo. Zina nguvu, na ganda lake la injini ni la magnesiamu linalofunguka na kutengenezeka, lakini zinakunywa petroli na zinachosha mkono usiozizoea.

Juu ya hapo kuna ile MS 070 ya sisi 106 ambayo wapasua mbao wengi wanaijua. Ni mashine ya kupasua magogo, nzito, na nyingi zilizoko mitaani ni za zamani zisizo na breki ya cheni. Mkulima asiinunue. Ukihitaji mbao, peleka gogo kwa mpasuaji au mlete shambani.

Usirefushe upanga ili mashine ndogo ionekane kubwa. Upanga wa inchi 20 kwenye injini ya sisi 45 unaifanya injini ivute mzigo usiouweza, klachi inaungua, na oili haifiki mwisho wa upanga.

Mashine za betri nazo zipo. Kwa kupogoa miembe karibu na nyumba yenye umeme ni nzuri, hazipigi kelele nyingi wala hazihitaji kuchanganya mafuta. Kwa mivinje ya mbali na nyumba, bado hazifai.

Nenda kwenye spea kabla ya kwenda kwenye mashine

Hapa ndipo ninapomtaka msomaji akae zaidi. Kabla hujatoa shilingi, chukua jina na namba ya modeli unayoitaka, uende kwenye maduka ya spea mjini, kisha uulize kama mtu ambaye mashine yake imeharibika.

"Bwana fundi, hii modeli una ringi zake?"

"Ringi zipo. Pistoni naagiza Mombasa, kesho mchana inafika."

"Na kabureta?"

"Kabureta nzima ninayo, na vile vingozi vyake vya ndani pia."

Hilo ni jibu la mashine unayoweza kuinunua. Uliza vitu hivi vyote: plagi, chujio la hewa, chujio la petroli, kamba ya kuwashia na springi yake, gia ya cheni, klachi, pampu ya oili, pistoni na ringi, kabureta na vingozi vyake, upanga na cheni. Ukiambiwa "hiyo sijawahi kuiona" kwa vitu vitatu au vinne, achana na modeli hiyo hata kama bei yake inavutia.

Uliza vilevile ni nani anayezitengeneza. Fundi wa pikipiki ana akili ya injini, lakini kurekebisha kabureta ya msumeno ni kazi nyingine. Akisharekebisha vibaya, petroli ikawa kidogo kuliko hewa, injini huwaka moto na pistoni hukwaruzika. Mtafute fundi kabla ya kununua, umwulize yeye anatengeneza zipi mara nyingi na zipi zinamrudia kwa sababu spea zimekosekana. Mafundi hawafichi jambo hilo.

Ukifanya hesabu ya fedha, usiweke bei ya mashine peke yake. Ongeza cheni mbili za ziada, tupa na kishikizo chake, tupa bapa, oili ya tustroki (ya kuchanganya na petroli), oili ya cheni, miwani, vizibo vya masikio, buti na suruali ya kinga. Fedha zikiisha kwenye mashine, vitu hivi havinunuliwi tena, na mtu anakata na cheni butu akiwa na kandambili miguuni.

Halisi, ya kuigwa, na ya jina dogo

Kuna aina tatu sokoni. Ya kwanza ni halisi ya kampuni kubwa, inayouzwa na wakala mwenye dhamana ya maandishi. Ya pili ni mashine za China za sisi 52 au 58 zenye majina yasiyojulikana, ambazo hazimdanganyi mtu. Nyingi zimefuata muundo mmoja, kwa hiyo spea zake huingiliana na ni rahisi. Kwa mtu anayekata mara chache kwa mwaka si chaguo baya, ila aongeze nati zilizolegea kwenye orodha ya kukagua kila siku.

Ya tatu ndiyo ya kuogopa: mashine ya kuigwa iliyobandikwa jina kubwa. Unalipa karibu bei ya halisi, unapata chuma laini. Iangalie hivi. Namba ya mashine halisi imechongwa kwenye ganda la injini, haikubandikwa kwa karatasi tu. Maandishi ya modeli hayana kosa la herufi. Plastiki haina kingo kali zilizoachwa na kalibu. Kitabu kipo na kinazungumzia modeli hiyohiyo. Na muuzaji yuko tayari kukuandikia risiti yenye modeli na namba. Akikataa hilo la mwisho, toka.

Vitu vya usalama visivyojadiliwa

Hatari kubwa ya mashine hii ni teke. Sehemu ya juu ya ncha ya upanga ikigusa gogo au tawi, cheni hunasa, na mashine nzima huruka juu na nyuma kuelekea uso na shingo, kwa kasi ambayo mkono hauwezi kuizuia. Breki ya cheni, ule mkono wa plastiki ulio mbele ya mpini, ipo kwa ajili hiyo: mkono wako ukiusukuma, au mruko wenyewe ukiisukuma, cheni husimama papo hapo. Msumeno usio na breki inayofanya kazi usiununue kwa bei yoyote.

Hakikisha pia kuna kizuizi cha mpini wa nyuma kinachozuia mafuta (kitufe cha kuongeza kasi) yasibonyezwe bila mkono kushika vizuri, ndoano ya kudaka cheni ikikatika chini ya upanga, na mipira au springi za kupunguza mtikisiko. Mtikisiko wa miaka huharibu neva na mishipa ya damu ya vidole.

Kelele ya mashine hizi hupita desibeli 100, kwa hiyo masikio yazibwe kila siku. Suruali ya kinga ina nyuzi ndefu ndani yake. Cheni ikiigusa, nyuzi huvutwa zikajifunga kwenye gia na cheni husimama. Ina joto, hasa wakati wa kaskazi. Fanya kazi alfajiri hadi saa nne, kisha pumzika, lakini ivae.

Ijaribu mbele ya muuzaji

Iwashe ikiwa baridi. Mashine nzima huwaka kwa mivuto michache. Ikiwa inawaka bila kubonyezwa mafuta, cheni isizunguke kabisa. Washa breki, bonyeza mafuta kwa sekunde moja: cheni isisogee. Toa breki, elekeza ncha ya upanga kwenye katoni safi na uongeze mafuta: mstari wa oili uonekane kwenye katoni. Usipoonekana, pampu haitoi. Zima, subiri dakika mbili, washa tena. Kukataa kuwaka ikiwa na moto ni dalili mbaya kuliko kukataa ikiwa baridi.

Kwa iliyotumika, ongeza mambo mawili. Ikiwa imezimwa, ining'inize kwa mpini wa kamba ya kuwashia: ikishuka polepole kwa kukwamakwama, mgandamizo upo, ikianguka moja kwa moja, ringi zimekwisha. Kisha mwombe fundi afungue egzosi, umulike tochi kwenye tundu lake utazame pistoni. Pistoni yenye michirizo ya wima imewahi kukwama, na itakwama tena. Mwenye mashine akikataa kufunguliwa egzosi, umepata jibu.

Cheni

Cheni ya leo, yenye meno yanayokata kushoto na kulia kwa zamu, iliundwa na Joseph Cox, mkata miti wa Oregon nchini Marekani, miaka ya 1940. Alimtazama buu akitafuna kisiki kwa kupeleka taya zake kushoto na kulia, akaiga. Kazi ya mashine nzima inafanywa na meno hayo, injini inayazungusha tu.

Cheni ina namba tatu, na zote zilingane na upanga na gia: pichi, yaani umbali kati ya viungo, unene wa kiungo kinachoingia mferejini, na hesabu ya viungo hivyo. Ziko kwenye upanga, karibu na injini. Piga picha uende nayo dukani. Ukikuta cheni ya Oregon yenye namba 73 kwenye kiungo, ni ya pichi 3/8 na unene wa milimita 1.5. Namba 72 ni milimita 1.3, na 75 ni milimita 1.6. Cheni nyembamba kwenye mfereji mpana huyumba na kukata kombo. Nene haiingii kabisa.

Tupa nayo ina kipimo chake. Cheni ndogo ya 3/8 ya mashine za sisi 30 hutumia tupa ya milimita 4.0, ya pichi .325 hutumia 4.8, na 3/8 kubwa hutumia 5.2 au 5.5 kulingana na kampuni. Kata mfereji kwenye kisiki, ubane upanga hapo, washa breki, kisha usukume tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje kwa pembe ya digrii 30, upande mmoja tu, bila kuirudisha ikiwa imegusa. Mara tatu kwa kila jino, meno yote ya upande mmoja kwanza, halafu ya pili. Hesabu iwe sawa, kwa kuwa meno ya kushoto yakiwa mafupi kuliko ya kulia mashine itakata kwa kupinda. Baada ya kunoa mara kadhaa, punguza kile kidole kilicho mbele ya jino kwa tupa bapa, kibaki chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Ukikizidisha, mashine inakuwa kali kupita kiasi na mateke yanaongezeka.

Cheni ikitoa vumbi badala ya vipande vya mbao, imekuwa butu. Usiisukume. Mchanga ndio adui mkubwa zaidi ufukweni na Gongoni yote: ncha ikigusa ardhi sekunde moja tu, makali yameondoka. Kata mvinje chini, ndiyo, lakini fagia mchanga kwenye shina na uweke kipande cha gogo chini ya mti ulioanguka kabla hujaukata vipande.

Kila ukinoa, geuza upanga juu chini ili ulike sawasawa, na uchokonoe uchafu mferejini. Gia ya cheni ikiwa na mikwaruzo ya kina cha nusu milimita, ibadilishe. Gia iliyolika huharibu cheni mpya.

Petroli, oili na chumvi ya bahari

Injini ya tustroki haina mahali pa kuhifadhi oili. Oili yote inayolainisha pistoni huja ndani ya petroli. Ukitia petroli tupu, dakika chache zinatosha kuiua. Kwa oili nzuri ya tustroki yenye kiwango kinachotajwa na kampuni, changanya moja kwa hamsini: mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Ikiwa kitabu kinasema moja kwa ishirini na tano, ni mililita 200. Tumia chupa yenye alama, wala si kifuniko cha soda. Changanya kwenye dumu, tikisa, na utumie ndani ya mwezi mmoja. Dumu la mchanganyiko lipake alama isiyofutika ili kijana wa shambani asilichanganye na la pikipiki.

Oili ya cheni iwe safi. Oili chafu iliyomwagwa gereji ina chembe za chuma zinazokula upanga na pampu, na hurukia ngozi na mapafu ya anayekata. Ni rahisi kwa bei tu.

Mvua za masika zikianza Aprili na kazi ikisimama, mwaga petroli yote, washa mashine hadi izime yenyewe, na upake upanga na cheni oili. Petroli ikilala kwenye kabureta miezi hiyo, vingozi vyake vinakauka na kukakamaa. Usiifunge mashine ndani ya mfuko wa plastiki: hewa yetu ina chumvi na unyevu, na chuma hutoa kutu humo ndani. Gunia kavu, juu ya rafu, chumba kilicho mbali na upepo wa bahari.

Sheria, na karatasi

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuingia na msumeno wa injini kwenye msitu wa umma bila idhini. Arabuko-Sokoke imo humo. Mikoko yote ya pwani nayo imekuwa msitu wa serikali tangu 1932, hata ile iliyo nyuma ya nyumba yako. Makaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yana ulinzi wake na wazee wake. Kwa miti yako mwenyewe, kabla hujapakia boriti kwenye lori, pita ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, upate kibali cha kusafirisha.

Ukinunua, risiti iandikwe jina lako kamili, modeli, namba ya mashine iliyochongwa, tarehe na muda wa dhamana. Piga picha ya risiti pamoja na namba yenyewe, uiweke kwenye simu, na nakala umpe mtu wa nyumbani. Siku ukisimamishwa njiani na mashine kwenye pikipiki, au ikiibwa, hiyo ndiyo itakayoulizwa.